Kabla Hujasema Ngoma Mbovu, Sema Umeisikilizia Wapi

Ubishi wa mpira una raha yake. Dakika ya 90 ikifika refa anapuliza filimbi, matokeo yapo ubaoni, aliyefungwa anatafuta kisingizio, maisha yanaendelea. Ubishi wa muziki wa kudansi hauna filimbi. Hapa hosteli unaanza Jumapili mchana watu wakifua, unahamia kwenye foleni ya kantini Jumatatu, na Alhamisi bado kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp la darasa anaandika kwa herufi kubwa kwamba usiku wa Jumamosi ulikuwa mbovu, au kwamba albamu mpya ya fulani ni ya kutupa.

Mimi ni shabiki wa muziki huu, na nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, kwa hiyo ubishi huo naufuatilia kwa sababu mbili. Ninachokiona ni hiki: wengi wetu tunabishana juu ya ngoma ileile huku kila mtu amesikia kitu tofauti. Mmoja ameisikia saa nane usiku akiwa mbele ya sabufa mbili. Mwingine ameisikia kwenye simu ndani ya daladala. Wa tatu ameona video ya sekunde 30 mtandaoni. Halafu wote watatu wanasema "ngoma kali" au "ngoma mbovu" kana kwamba walikaa meza moja.

Kwenye muziki wa kielektroniki, yaani huu unaotengenezwa kwa mashine na kompyuta kama house, techno, amapiano na singeli yetu, maoni hayana uzito mpaka yaje na jibu la swali moja dogo: uliisikilizia wapi? Nitaeleza kwa nini. Na nitaeleza pia kwa nini swali hilo linagusa mifuko ya watu, hata hapa chuoni.

Besi haienei kwenye simu

Tuanze na fizikia kidogo. Usiogope, hakuna mtihani.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Besi ya ngoma nyingi za kudansi inakaa chini kabisa, kwenye hezi 40 hadi 100, maana yake hewa inatikisika mara 40 hadi 100 kila sekunde. Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo ndani ya chumba chetu cha hosteli halienei hata ukilikunja. Ili kulitoa kwa nguvu unahitaji spika pana inayosukuma hewa nyingi. Ndiyo maana sabufa ya ukumbini inaweza kuwa kubwa kama friji, wakati spika ya simu yako ni ndogo kama ukucha. Ile ya simu haiwezi kuitoa besi hiyo hata ukiongeza sauti mpaka mwisho. Inachokuletea ni vitu vya juu tu: makofi, matoazi, sauti ya mwimbaji.

Kwenye wimbo wa mapenzi wa bongo fleva hasara yake si kubwa, kwa sababu wimbo unabebwa na maneno na sauti ya mwimbaji. Lakini kwenye house na amapiano, besi ni nusu ya wimbo au zaidi. Ukiiondoa ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo, unabaki na vinanda vinavyosubiri kitu ambacho hakiji. Kuihukumu amapiano kwa spika ya simu ni sawa na kuhukumu pilau kwa kuangalia picha yake.

Hedifoni nzuri zinasaidia. Besi inafika sikioni. Lakini haifiki kifuani, na pembeni yako hakuna mtu. Hilo la mtu pembeni si pambo. Ngoma hizi zinarudia kitu kilekile dakika sita, saba, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayecheza. Aliyekaa kwenye kiti anasubiri kiitikio na anachoka. Anayecheza anasubiri miguu izoee, na ikishazoea, badiliko dogo tu, toazi moja likiongezwa, linamfanya apige kelele ukumbi mzima usikie. Hao wawili wakikutana kesho yake, mmoja atasema ngoma haiendi popote, mwingine atasema hajawahi kusikia kitu kama kile. Na wote wawili wanasema kweli.

Ngoma iliyofukuza watu ukumbini

Mfano mzuri kuliko wote unatoka Chicago, Marekani, mji uliozaa house.

Mwaka 1977 ulifunguliwa huko ukumbi ulioitwa Warehouse, na dijei wake alikuwa Frankie Knuckles aliyetoka New York. Waliojaa pale walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Kilatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu ambao kumbi nyingi za wakati ule hazikuwataka. Inaelezwa kwamba hata jina house limetokana na ukumbi huo: watu waliingia kwenye duka la santuri kuulizia ngoma walizozisikia Warehouse, wenye duka wakaanza kuziwekea kibandiko, na jina likafupishwa. Angalia jambo hilo vizuri. Mashabiki hawakuuliza ngoma ya msanii gani. Waliuliza ngoma ya mahali gani. Aina nzima ya muziki ikapewa jina la pale ilipochezewa.

Katikati ya miaka ya 1980, mji huohuo ulikuwa na ukumbi mwingine, Music Box, na dijei wake Ron Hardy. Vijana watatu waliojiita Phuture walikuwa wamenunua mashine ya Roland TB-303, iliyotengenezwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi wa kumsindikiza. Kwa kazi hiyo mashine haikufua dafu, ikauzwa kwa bei ya kutupa. Wao wakaanza kuzungusha vitufe vyake hovyo mpaka ikatoa sauti ya kulialia, kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa. Wakairekodi kwa zaidi ya dakika kumi, wakampelekea Hardy kanda.

Kwa masimulizi ya wanamuziki wenyewe, Hardy alipoipiga mara ya kwanza watu waliondoka kwenye eneo la kuchezea. Akasubiri, akaipiga tena usiku uleule. Mara ya tatu wakaanza kucheza. Mara ya nne ukumbi ulipagawa. Ngoma hiyo ilitolewa mwaka 1987 kwa jina la "Acid Tracks", na tawi zima la house, linaloitwa acid house, likaota kutoka hapo na kuvuka bahari hadi Uingereza.

Sasa fikiria shabiki aliyechoka mapema akaondoka baada ya ile mara ya kwanza. Jumapili angewaambia wenzake nini? Angewaambia Hardy amepiga takataka. Na aliyebaki hadi alfajiri angesema amesikia kesho ya muziki. Ukumbi mmoja, usiku mmoja, kanda moja. Kilichowatofautisha ni saa tu.

Singeli: muziki mmoja, wasikilizaji wawili

Turudi nyumbani, maana mfano mkubwa zaidi wa jambo hili umekaa Dar es Salaam hii hii.

Singeli ilizaliwa Uswahilini: Manzese, Tandale, Mburahati, Mbagala na kwingineko. Imerithi kutoka mchiriku, uliokuwa na vinanda vidogo vya Casio na ngoma za mkono, na imechota kutoka taarabu, ambayo madijei walikuwa wanakata vipande vyake na kuvikimbiza. Kasi yake ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa kulinganisha, house inakwenda kwenye 120 hivi, na amapiano iko chini ya hapo. Makao yake ya kwanza ni kigodoro, sherehe ya mtaani inayokesha, ambayo imewahi hata kupigwa marufuku kwa sababu ya kelele na mambo yanayosemwa kufanyika huko.

Ukiwa kigodoroni, dijei anazungusha biti na emsii anachana juu yake. Anataja majina ya mtaa, anamsifia bibi harusi, anamtania mjomba, akina mama wanamtunza pesa. Biti inakwenda mbali sana bila kubadilika, na wala si uvivu wa dijei. Imeachwa hivyo makusudi, emsii apate pa kusimama.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko ulioitwa "Sounds of Sisso", wa ngoma kutoka studio ya Sisso pale Mburahati. Zikafuata albamu za watayarishaji mmojammoja: "Poaa" ya Bamba Pana na "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta mwaka 2018, "Uingizaji Hewa" ya Duke mwaka 2019, na "Mr Mixondo" ya DJ Travella mwaka 2022. Baadhi ya albamu hizi zina maemsii, lakini nyingine sehemu kubwa ni biti tupu. Vijana wa Mburahati wakaanza kupanda jukwaani kwenye matamasha ya Ulaya.

Hapo ndipo ilipotokea ajabu yenyewe. Ukimuuliza shabiki wa Berlin singeli ni nani, atakutajia watayarishaji: Sisso, Jay Mitta, Travella. Ukimuuliza mtu wa Tandale, atakutajia wenye sauti: Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Wa kwanza anaona muziki wa majaribio wa kompyuta, mkali kuliko techno yote aliyoizoea. Wa pili anaona muziki wa maneno, wa vichekesho na vijembe, wenye biti ya kuusukuma. Kila mmoja akisoma maoni ya mwenzake anaona ameandika mtu asiyejua muziki.

Wala hakuna asiyejua. Mmoja ameisikia ndani ya ukumbi wenye giza na sabufa za kutisha, hajui neno la Kiswahili. Mwingine ameisikia chini ya turubai, kwa spika za kukodi zinazokoroma, na kila neno linamhusu. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa vijana wametunzwa kwao na wametunzwa ugenini, ila kwa vitu viwili tofauti.

Pesa inaingiaje hapa

Mtu atasema, sawa, tumekuelewa, lakini hayo ni maneno ya mashabiki tu, yanamuumiza nani? Yanaumiza.

Muhula uliopita kulikuwa na usiku wa burudani hapa chuoni. Dijei mmoja kijana, mwanafunzi mwenzetu, alipewa nafasi ya kupiga singeli. Nilikuwepo, na kwa ajili ya masomo yangu niliangalia vyombo. Sabufa mbili zilizokuwa zimekodiwa hazikuwahi kuunganishwa. Zilikaa nyuma ya jukwaa zimefunikwa na mablanketi yake. Kijana alipiga kwa spika za juu peke yake, spika za kutangazia mikutano. Alipewa nafasi saa mbili na nusu usiku, watu bado wanaingia na sahani za chakula mkononi. Hakuwa na emsii, kwa sababu bajeti haikuruhusu. Baada ya dakika 20 akaambiwa ashuke.

Siku tatu zilizofuata, maoni yalikuwa yaleyale kila kona: singeli ni kelele, singeli haifai chuoni, ni muziki wa wahuni. Ulipokuja usiku uliofuata, hakuitwa. Hakuitwa yeye, na haikuitwa singeli. Posho aliyotarajia kumalizia ada ikaenda kwa mwingine. Katika maoni yote niliyoyasoma, na niliyasoma mengi, hakuna hata moja lililotaja kwamba sabufa hazikuwashwa.

Hapo ndipo maoni ya shabiki yanapogeuka kuwa kitu kizito. Kamati ya burudani haina kipimo kingine. Haina mauzo ya santuri, haina chati. Ina kelele zetu za kwenye makundi. Tukisema hovyo, tunaajiri na kufukuza watu hovyo.

Ukitaka kuusema usiku

Sisemi watu wasiseme. Ubishi ni nusu ya raha yenyewe. Nasema tuseme kwa ushahidi.

Ukitoka usiku wa muziki, taja kwanza ulisimama wapi. Besi hujazana pembeni mwa kuta na kwenye kona, kwa hiyo aliyeegemea ukuta atakuambia besi ilizidi, na aliyekuwa katikati atasema haikutosha. Tembea kidogo kabla hujatoa hukumu.

Taja saa. Dijei wa kufungua ana kazi yake: kuupasha moto ukumbi taratibu bila kumaliza ngoma kali zote. Ukimlaumu kwa kutopiga moto saa tatu usiku, unamlaumu kwa kuifanya kazi yake vizuri. Dijei wa saa saba ndiye wa kudaiwa moto.

Mwangalie dijei anawaangalia watu au anaangalia kompyuta yake tu. Watu wakipungua, amefanya nini? Ameng'ang'ania, amebadilisha, au amefanya kama Hardy, amesubiri na kurudi? Na pale ngoma moja ilipopokea nyingine, ulihisi kiungo au uliona pengo?

Na waulize akina dada waliokuwepo. Kaka atakuambia usiku ulikuwa bab'kubwa wakati dada aliondoka saa tano kwa sababu alishikwashikwa mara tatu na hakuna mlinzi aliyejali. Usiku ambao nusu ya watu hawawezi kucheza kwa amani si usiku mzuri, hata dijei angeshuka kutoka mbinguni. Vilevile hesabu nauli ya bajaji ya kurudi saa tisa usiku. Nayo ni sehemu ya usiku.

Ukitaka kuisema albamu

Albamu ina kanuni zake. Swali la kwanza: ilitengenezwa ichezewe wapi? Maana si kila albamu ya kielektroniki ni ya ukumbini.

Kraftwerk wa Ujerumani walitoa "Autobahn" mwaka 1974, na wimbo wenye jina hilo una zaidi ya dakika 22, umejaza upande mzima wa santuri. Ni muziki wa safari ya gari. Ukiupiga kwenye sherehe ya mwaka wa kwanza utapigwa chupa, lakini kosa litakuwa lako, si la Kraftwerk. Burial wa London alitoa "Untrue" mwaka 2007. Hiyo inasikika kama muziki wa mtu anayerudi nyumbani peke yake usiku, ukumbi umebaki nyuma, ngoma inasikika kwa mbali. Hedifoni na mvua zinaifaa kuliko sabufa yoyote.

Kwa hiyo isikilize angalau mara mbili, mahali pawili. Kama ni ya kuchezea, tafuta spika yenye besi, hata ya kinyozi pale nje ya geti. Vinyozi wengi wana sabufa kuliko sisi wasomi. Isikilize kwa mpangilio wake, si nyimbo mbili zilizotangazwa. Tenganisha kazi ya mtayarishaji na kazi ya emsii, na uwataje wote wawili kwa majina, maana kwenye muziki huu mwenye biti husahaulika kirahisi. Na kama albamu ni ya biti tupu, usiilaumu kwa kukosa maneno. Uliza kama inakukosesha utulivu wa miguu.

Maoni yenye faida basi yanaweza kuwa mafupi tu: "Nilikuwa karibu na jukwaa kuanzia saa sita, sabufa zinafanya kazi, dijei alipiga dakika 40 za singeli bila emsii, nilicheza nusu ya kwanza nikachoka ya pili kwa sababu biti hazikubadilika." Unaweza kumkatalia mtu huyu. Unaweza kumwambia uliingia saa saba na emsii akapanda. Lakini mna kitu cha kubishania.

Usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza unakaribia, na kamati itaomba maoni kama kawaida. Ombi langu kwa kamati ni dogo: sabufa ziunganishwe na zijaribiwe kabla watu hawajaingia, na singeli ipewe saa ya maana pamoja na emsii wake. Ombi langu kwako, mwanachuo mwenzangu, ni dogo zaidi. Usiku ule njoo ucheze kwanza. Halafu Jumapili, ndoo ya nguo ikiwa mbele yako, sema unachotaka kusema.